Simu Ikilia Yenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Arifa za Dharura

Nina kaunta ya kutengeneza simu Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, na maswali haya nimeulizwa kwa miaka. Huanza hivi: mama ametoka kumtembelea bintiye Uingereza, anaweka simu mezani na kusema, "Fundi, hii kitu ililia ndani ya treni kama king'ora, na simu za watu wote zikalia pamoja nayo. Nimedukuliwa?" Mwanzoni nilikuwa nikimjibu mmoja mmoja. Mvua za 2024 zilipokuja, swali likageuka. Watu wakaacha kuuliza kwa nini simu ililia, wakaanza kuuliza kwa nini yao haikulia. Nimeyaandika majibu hapa ili nipumzishe koo.

Arifa ya dharura ni nini? Si ni SMS tu?

Hapana, na tofauti yake ndiyo habari nzima.

SMS ina anwani, yaani namba yako. Kampuni ya simu huipokea, huiweka kituoni, hutafuta uko chini ya mnara upi, kisha hukupelekea wewe peke yako. Ukitaka kuwaonya watu milioni moja, safari hiyo inarudiwa mara milioni moja. Siku ya kawaida inawezekana. Siku ya balaa, kila mtu anapopiga simu kuuliza ndugu zake wako wapi, foleni inakuwa ile ya Thika Road saa kumi na mbili jioni, na onyo la mafuriko linaingia maji yakiwa yamekwisha kushuka.

Arifa kamili ya dharura hupita njia nyingine, ambayo hapa nitaiita tangazo la mnara. Mnara wa simu, ule wengi wetu tunauita busta, hutangaza muda wote hata kama hakuna anayepiga simu: mimi ni mtandao fulani, niko hapa, mkinihitaji niiteni. Simu zote zilizo karibu husikiliza tangazo hilo kimyakimya. Ndani yake kuna nafasi iliyotengwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ukiwekwa pale, kila simu iliyo chini ya mnara huusikia mara moja, ziwe simu kumi au elfu kumi, na mnara hauchoki zaidi kwa sababu ya wingi wao.

Mfikirie muadhini wa msikiti wa Jamia. Hana daftari la namba za waumini. Anapanda sauti, na aliye Banda Street anasikia, mgeni aliyeshuka jana kutoka Kisumu anasikia, na asiyeswali pia anasikia. Aliye Rongai hasikii, kwa kuwa sauti haifiki.

Ufundi huu si wa jana. Ulionyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1997. Waliotumia MTN kule Uganda watakumbuka enzi ambapo kioo cha simu kilikuwa kikionyesha asilimia ya punguzo la kupiga simu kulingana na mahali ulipo. Hilo nalo lilikuwa tangazo la mnara, ila badala ya kuokoa maisha lilikuwa likiokoa shilingi.

Kwa hiyo serikali inajua namba yangu na mahali nilipo?

Kwa tangazo la mnara, la. Anayetuma huchora eneo kwenye ramani, minara ya eneo hilo hutangaza, basi. Hakuna orodha ya waliopokea, kama vile redio isivyojua nani amefungua kipindi. SMS ni hadithi nyingine, maana ile lazima ijue namba.

Mbona ililia wakati nilikuwa nimeizima sauti?

Kwa sababu imeagizwa kufanya hivyo. Ujumbe hubeba namba ya chaneli, na simu ikiona chaneli ya dharura ya daraja la juu haikuulizi kama uko kanisani. Hupiga mlio wake wa pekee, hutetemeka, na kuyabandika maneno juu ya chochote kilichokuwa kwenye kioo.

Madaraja yapo. Marekani, ambako mfumo ulianza 2012, tangazo la kitaifa la juu kabisa huwezi kulizima, lakini maonyo ya hali ya hewa na yale ya watoto waliotekwa unaweza. Kuna pia chaneli za majaribio, ambazo kwa kawaida hukaa zimezimwa. Ukizikuta kwenye mipangilio ya simu yako ya Android, sehemu ya usalama na dharura, ziache zilivyo.

Nani anaruhusiwa kubonyeza?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hudhani kazi ngumu ni ya mitambo. Mitambo ndiyo sehemu rahisi.

Kampuni ya simu haiandiki onyo. Inalibeba tu. Anayeandika ni mamlaka iliyopewa kibali: idara ya hali ya hewa, polisi, zima moto, serikali ya mkoa, inategemea nchi. Marekani hupitia mfumo unaosimamiwa na FEMA, shirika lao la maafa. Ujumbe huandikwa kwa muundo mmoja uliokubaliwa kimataifa, unaoitwa CAP, ili maneno yaleyale yaweze kwenda kwenye simu, redio, runinga na mabango ya barabarani bila kuandikwa upya mara nne. Kisha huingia kwenye kompyuta ya kampuni ya simu inayojua minara yote, na hiyo huigawia minara husika. Kuanzia hapo ni suala la sekunde. Mfumo wa Japani wa tetemeko na tsunami ulibuniwa kufikisha onyo la kwanza ndani ya sekunde nne.

Sasa tazama upande wa binadamu. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2:07 asubuhi, simu za Hawaii zilitangaza kwamba kombora linakuja, watu wajifiche, na kwamba hili si zoezi. Halikuwepo kombora lolote. Mfanyakazi wa zamu alikuwa ametuma onyo halisi wakati wenzake wakifanya mazoezi, na ilichukua dakika 38 kabla simu hizohizo hazijapokea ujumbe wa kusahihisha. Dakika 38! Watu walikuwa wakiwashusha watoto wao kwenye mashimo ya maji taka.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa maoni yangu, na halichekeshi kabisa. Tarehe 29 Oktoba 2024, mkoa wa Valencia, Hispania, ulikumbwa na mafuriko. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu tangu asubuhi. Tangazo la mnara lilikuwa tayari kutumika, limeunganishwa na minara. Lilitumwa saa 2:11 usiku. Kufikia wakati huo watu walikuwa wamekwama kwenye maegesho ya chini ya ardhi na ndani ya magari. Waliokufa ni zaidi ya 220. Mfumo ulifanya kazi sawasawa, sekunde ileile ulipoombwa. Aliyechelewa ni mtu wa kuamua.

Ndiyo maana mteja akiniambia "serikali ituletee hiyo teknolojia", mimi humuuliza: na nani atakuwa macho saa nane usiku?

Na Nairobi je?

Nitasema ninachokiona kwenye kaunta. Sijawahi kukutana na mteja ambaye simu yake ililia mlio huo akiwa hapa mjini. Onyo tunalolipata Nairobi huja kwa njia tulizozizoea: utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner, unaosomwa redioni na kwenye runinga, ukurasa wao mtandaoni, SMS mara mojamoja, baraza la chifu, viongozi wa Nyumba Kumi, na WhatsApp, ambayo huleta ukweli na uongo kwenye gunia moja.

Mwaka 2024 njia hizo zilijaribiwa. Mvua za masika zilipiga kuanzia Machi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, Mto Mathare ulifurika na watu wakalala juu ya mabati. Siku tano baadaye, kabla ya alfajiri, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli yalipasuka karibu na Mai Mahiu na kubeba nyumba pamoja na waliokuwa wamelala ndani. Tarehe 2 Mei serikali iliwaagiza waliokaribia mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Nchi nzima, msimu ule uliua zaidi ya watu 280.

Utabiri ulikuwepo. Wiki nzima redio ilisema mvua kubwa inakuja. Lakini "mvua kubwa Nairobi" haimwambii mama aliye bonde la Mathare kwamba ni yeye, usiku huu, achukue watoto sasa. Na saa nane usiku redio imezimwa. Kulikuwa na pengo kati ya utabiri na mtu aliyelala, na tangazo la mnara lilibuniwa kwa ajili ya pengo kama hilo.

Ujerumani ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Julai 2021 mafuriko yaliua zaidi ya watu 180 huko, nchi tajiri yenye kila kitu, na wakati huo haikuwa na tangazo la mnara. Likaanza kutumika rasmi Februari 2023. Kimataifa, Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 lengo la kila mtu duniani kufikiwa na onyo la mapema ifikapo mwisho wa 2027, na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, ndilo limepewa sehemu ya kufikisha onyo kwa watu.

Kuna jambo jingine ambalo mnara hauwezi kulitatua. Baada ya mafuriko yale, amri ya kuondoka mita 30 kutoka mtoni ilifuatwa na matingatinga, Mathare na Mukuru. Kwa hiyo kuna watu hapa mjini ambao wakisikia neno "hameni" hawafikirii maji, wanafikiria bomoabomoa. Mteja wangu mmoja aliniambia, "Mimi nikihama leo kwa sababu ya mvua, kesho nitakuta keja yangu ni uwanja." Mpe huyo simu ya bei ghali kuliko zote na mlio mkali kuliko wote. Atausikia, na atabaki.

Simu yangu ni mulika mwizi. Itapokea?

Kiufundi, uwezo huo uko kwenye viwango vya GSM tangu zamani, na Nokia nyingi za vitufe zilikuwa na menyu yake kabisa, ila watu wengi waliipita bila kuifungua. Shida ni mbili. Kwanza, kwenye simu za zamani chaneli mara nyingi huwa zimezimwa hadi mwenyewe aziwashe. Pili, inategemea nchi imeamua kutangaza kupitia kizazi kipi cha mtandao. Uingereza, kwa mfano, hutangaza kwa 4G na 5G pekee, hivyo kabambe ya 2G kule hubaki kimya. Kwa nchi kama yetu, ambako mlinzi, mama mboga na nyanya kijijini wote wana simu za vitufe, kuacha 2G nje kungekuwa kuwaacha walewale wanaokaa bondeni.

Nilinunua simu iliyotoka Dubai. Italeta shida?

Kwa kawaida haileti. Simu za Android hutazama uko kwenye mtandao wa nchi gani, kwa kutumia namba ya nchi iliyo kwenye laini na kwenye mnara, kisha huchagua kanuni za nchi hiyo: chaneli zipi, mlio upi, kipi kinaweza kuzimwa. Ndiyo sababu simu ileile ya mama yule ililia London na hapa imekaa kimya kama imemwagiwa maji. Tatizo huja kwa simu zilizowekewa programu ya ovyoovyo na mafundi wa haraka. Majirani zangu wengine wa ghorofa hii watanisamehe.

Nahitaji bando? Credit? Wi-Fi?

Hakuna kinachohitajika kati ya hivyo. Tangazo halipiti kwenye intaneti na halikatwi kwenye salio lako. Okoa Jahazi unayodaiwa haihusiki pia.

Ila simu lazima iwe imewashwa na iwe imeshika mtandao. Ukiwa umeiweka katika hali ya ndegeni, au imeisha chaji, au uko kwenye ghorofa ya chini ya ardhi kusikofika mawimbi, husikii. Tableti iliyo kwenye Wi-Fi tu, bila laini, nayo haisikii.

Kama niko katikati ya simu?

Kwenye 2G, simu iliyo kwenye mazungumzo haisikilizi tangazo la mnara. Kwenye mitandao mipya inaweza. Hata hivyo mnara haupigi kelele mara moja na kunyamaza. Hurudia ujumbe kila baada ya muda hadi mtumaji aufute. Ukikata simu utaupata, na aliyeingia eneo hilo kwa matatu dakika kumi baadaye ataupata pia. Simu yenyewe hukumbuka kuwa imeshauonyesha, kwa hiyo haitakulilia kila dakika.

Mbona jirani alipata na mimi sikupata?

Kwa sababu mawimbi hayajui mipaka ya wadi. Mnara ulio Eastleigh juu ya jengo refu unaangaza hadi bondeni Mathare, na wa Mathare unaweza kumfikia mtu aliye Pangani ambaye hana hatari yoyote. Wewe na jirani mnaweza kuwa mmekaa kochi moja huku simu zenu zimeshika minara miwili tofauti, hasa kama laini zenu ni za kampuni tofauti. Marekani wamejaribu kulitibu hili: tangu Desemba 2019 kanuni zao zinataka ujumbe ubebe ramani yenyewe, simu ijilinganishe nayo na kukaa kimya ikiwa iko nje, kwa usahihi wa takriban mita 160.

Na wakati mwingine ni hitilafu tu. Uingereza walipofanya jaribio la nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023, saa tisa alasiri, wateja wengi wa kampuni moja ya simu hawakusikia chochote. Nchi nzima ilikuwa ikisubiri, wengine wakichukua video, na simu zao kimya. Majaribio hufanywa ili aibu kama hiyo itokee siku ya Jumapili tulivu.

Ujumbe unaandikwa kwa lugha gani, na una urefu gani?

Hapa kuna jambo dogo ninalolipenda. Ukurasa mmoja wa tangazo la mnara unabeba herufi 93, na kurasa zinaweza kufika 15, yaani herufi 1,395. Marekani walianza na ujumbe wa herufi 90 tu, wakaongeza hadi 360 mwaka 2019. Lakini herufi hizo 93 ni kwa alfabeti ya msingi ya GSM. Lugha ikihitaji herufi zilizo nje ya alfabeti hiyo, kila herufi huchukua nafasi kubwa na ukurasa unabaki na kama 40. Kiamhari kinaingia hapo. Gikuyu nacho kinaingia hapo, kikiandikwa vizuri na ĩ na ũ zake, na Kikamba vilevile. Kiswahili hakina kofia wala mkia kwenye herufi hata moja, kwa hiyo kinapita bila ushuru.

Ufupi hautoshi, lazima maneno yawe na kazi. Onyo zuri husema nani anaongea, hatari gani, wapi, hadi lini, na ufanye nini. Mfano wangu mwenyewe, usije ukaufowadi kama wa kweli: "Mto unafurika sasa. Walio upande wa chini wa daraja wapande juu barabarani mara moja. Msivuke maji. Hadi saa 12 asubuhi." Linganisha na "Wananchi wanahimizwa kuchukua tahadhari zinazofaa." Tahadhari zipi? Zinazomfaa nani?

Na mtu asome kabla ya kutuma. Katika jaribio lile la Uingereza, maneno ya Kiwelishi yaliyopaswa kusema "salama" yalitoka yakisema "Vogel", ambayo ni sehemu ya kuteleza kwenye theluji huko Slovenia.

Nitajuaje kama ni ulaghai?

Tangazo halisi la mnara halina namba ya mtumaji, haliingii kwenye orodha yako ya SMS kama ujumbe wa rafiki, na haliwezi kujibiwa. Haliombi PIN ya M-Pesa. Halisemi utume kwa watu kumi. Likiwa na kiungo cha kubonyeza, tafuta kwanza uthibitisho kwingine.

Kughushi kunawezekana? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walionyesha kwamba mtu mwenye vifaa vya redio anaweza kuzirushia simu zilizo karibu naye tangazo la uongo, kwa kuwa simu huuamini mnara bila kuudai kitambulisho. Lakini hiyo ni kazi ya maabara na vifaa. Mwizi wa kawaida wa Nairobi anajua njia rahisi zaidi, ile ya "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie".

Hatari yetu ya kila siku ni ile sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejitaja akisema bwawa limepasuka na maji yako njiani. Ukiipata, angalia alama inayoonyesha imefowadiwa mara nyingi, kisha piga simu kwa mtu unayemjua aliye upande huo. Swali moja, "wewe unaona maji?", huua uvumi mwingi.

Ikilia nikiwa naendesha?

Usishike simu. Egesha mahali salama, ndipo usome. Dereva wa matatu mwambie abiria wa mbele asome kwa sauti. Gari zima litakuwa limeshajua hata hivyo, maana simu 14 zitakuwa zimelia pamoja.

Ikiwa ni mafuriko, kumbuka hesabu hii: maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuielesha gari ndogo. Sentimita 30 ni rula ya mwanafunzi. Nimeona watu wakivuka zaidi ya hapo pale South C na viatu mkononi.

Kuna mtu yeyote anayepaswa kuizima?

Ndiyo, na Uingereza walilisema waziwazi kabla ya jaribio lao. Mtu anayeishi na mnyanyasaji na ameficha simu ya pili ndani ya nyumba hataki ilie kwenye droo. Kwa huyo, kuzima arifa kwenye mipangilio, au kuizima simu yenyewe, ndiyo usalama. Hapa Kenya mwenye hali hiyo anaweza kupiga 1195 bila malipo.

Simu inaweza kutabiri tetemeko la ardhi?

Haitabiri. Tetemeko likishaanza, mawimbi yake ya kwanza husafiri haraka na hayana nguvu sana. Yanayobomoa huja nyuma. Mitambo ikiyanasa ya kwanza, ujumbe wa redio unayapita yale ya pili njiani. Android ina mfumo unaotumia vihisi vya mtikisiko vya simu zenyewe, simu nyingi zikitikisika pamoja mji mmoja. Ukiwa juu kabisa ya chanzo hupati nafasi yoyote. Nairobi si Tokyo, lakini Bonde la Ufa liko hapo nyuma ya Ngong, na tetemeko la Subukia la Januari 1928 lilikuwa la takriban 6.9.

Na mimi nikitaka kuomba msaada?

Hiyo ni safari ya upande wa pili: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu. 112 hupita kwenye mtandao wowote ulio karibu hata kama wako umepotea. Usitegemee kwamba anayepokea anaona ulipo. Jifunze kueleza nyumbani kwako kwa maneno: steji gani, petroli stesheni gani, geti la rangi gani. Nyumba zetu nyingi hazina namba, na dereva wa ambulensi hamjui Mama Brayo.

Stima ikipotea, minara itasema?

Kwa muda. Minara mingi ina betri, mingine jenereta, na vyote huisha. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilikosa stima, na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza. Maui, kule Hawaii, moto wa Agosti 2023 ulikata umeme na mawasiliano ya simu, na wengi waliotumiwa arifa hawakuipata. Mnara uliozima ni chuma tu.

Kwa hiyo weka redio ndogo ya betri, na pawabenki iliyojaa wakati wa masika. Kwenye plot tunayokaa, karibu na mto, tulikubaliana na keateka baada ya 2024. Alinunua firimbi ya refa pale Gikomba. Yeye hulala chumba cha chini, kwa hiyo maji humfikia kwanza. Mara moja ni jaribio, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, na watoto humcheka. Mara tatu ni kubeba mtoto na kitambulisho na kupanda hadi ghorofa ya tatu, kwa Mama Njeri, ambaye ameshasema mlango wake haufungwi kwa ufunguo siku za mvua.